Mungu Asiye na Mikono: Vikundi vya Ibada ya Giza katika Ulimwengu wa Forgotten Realms

Swali la kuanzia ni fupi. Ikiwa mungu wa mauaji ana uwezo wa kuua, kwa nini anamhitaji mtu mwenye kisu? Huuliza hivyo mtu anayekutana kwa mara ya kwanza na michezo ya kubuni ambamo mashujaa hupambana na makuhani waliofunika nyuso. Huwaona makuhani hao wakinong'ona katika mahandaki, wakichinja, wakichoma, wakifa kwa wingi, na bwana wao bado haonekani. Jibu la haraka, kwamba hadithi haiendi bila watu wabaya, si la uongo, ila halifundishi kitu. Lipo jibu jingine linalotoka ndani ya ulimwengu wenyewe wa mchezo, kwa kuifuata kanuni moja mpaka inapoishia. Tutaanza chini kabisa, na msomaji ambaye hajawahi kugusa mchezo wa namna hii hatapungukiwa na kitu.

Mchezo wa kuigiza wa mezani huchezwa na watu wachache walioketi pamoja. Mmoja wao ni msimulizi. Yeye hueleza mahali palivyo: mlango umefungwa au u wazi, mvua inanyesha au la, nani amejificha nyuma ya mapipa. Kila mmoja wa waliobaki hubeba mhusika mmoja na kusema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu hutupwa, na namba ndiyo huamua. Mchezo uliofungua njia hii ni Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kanuni zake hazikumlazimisha mtu kutumia ulimwengu fulani. Kila msimulizi aliweza kubuni wake. Hata hivyo kuna ulimwengu mmoja uliokuja kujulikana kuliko karibu malimwengu mengine yote, nao ni Forgotten Realms. Ed Greenwood wa Kanada alianza kuubuni angali mtoto, katika miaka ya 1960, na mwaka 1987 kampuni ya TSR iliutoa kwa wachezaji wote. Dunia yake inaitwa Toril, bara linalosimuliwa zaidi linaitwa Faerûn, na miji miwili ambayo majina yake yatarudi katika makala haya ni Waterdeep na Baldur's Gate.

Sasa neno la kwanza la kufafanua: mungu. Maandishi ya Kiswahili hutofautisha Mungu, kwa herufi kubwa, ambaye ni Muumba na hana mwenzake, na mungu, kwa herufi ndogo, ambaye anaweza kuwa mmoja kati ya wengi. Makala haya yanahusu maana ya pili tu, tena ndani ya hadithi tu. Tofauti hii ni muhimu. Katika miaka ya 1980 wazazi wengi nchini Marekani waliogopa kwamba michezo hii huwafundisha watoto ibada za mashetani, na hofu hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba toleo la pili la kanuni, la mwaka 1989, liliwaondolea viumbe wa kuzimu majina yao ya kawaida na kuwapa majina ya kubuni. Mungu wa Toril ni mhusika. Hakuumba vyote. Wako miungu waliozaliwa binadamu, na wako waliouawa.

Kinachomfanya mhusika huyo awe mungu ni milki yake. Milki ni sehemu ya maisha ambayo yeye ndiye mwenyewe. Chauntea ana mashamba na mavuno. Umberlee ana bahari, hasa ule upande wake unaozamisha. Bane ana ubabe na utawala wa mabavu, Bhaal ana mauaji, Myrkul alikuwa na wafu. Tukisema mungu wa giza tunamaanisha yule ambaye milki yake hukua pale uhai, uhuru au furaha ya watu inapopungua. Si suala la rangi ya joho wala la sauti nzito.

Watatu hao wa mwisho walikuwa binadamu, na namna walivyopata milki zao inasaidia kuelewa mengi. Inasimuliwa kwamba walipanda hadi kwenye kiti cha Jergal, aliyekuwa peke yake bwana wa ugomvi, wa mauti na wa wafu, wakiwa tayari kumuua. Jergal alikuwa amechoka na kazi hiyo. Aliinuka akawaachia kiti, na watatu wakalazimika kushindana wao kwa wao nani achague kwanza. Bane alichagua utawala, kwa kuwa mfalme huwafitinisha watu apendavyo. Myrkul akachagua wafu, kwa hoja kwamba kila raia wa Bane mwishowe atakuwa raia wake. Bhaal akachukua kitendo chenyewe cha kufisha, akiwakumbusha wenzake kwamba anaweza kumwulia Bane raia wote, na anaweza pia kumnyima Myrkul wageni kwa kuuzuia tu mkono wake. Hapo milki zimelala moja juu ya nyingine kama vigae vya paa. Kila mmoja wao ana nguvu, na kila mmoja ananing'inia kwa wenzake.

Kanuni inayoshika makala haya ilikuja baadaye. Kwa kalenda ya Faerûn ulikuwa mwaka 1358. Juu ya miungu wote yuko Ao, ambaye haombwi wala hatoi miujiza kwa mtu. Bane na Myrkul waliiba Vibao vya Majaaliwa, ambamo wajibu wa kila mungu umeandikwa. Ao aliwafukuza miungu wote mbinguni, isipokuwa mlinzi Helm, wakatembee ardhini katika miili inayokufa. Wakafa kweli. Bane aliangamia mjini Tantras akipigana na mungu mwenzake, Torm, na Torm akafa naye. Bhaal alichomwa upanga na binadamu aitwaye Cyric kwenye daraja la Boareskyr, na maji ya mto ule yakaharibika. Myrkul aliuawa juu ya Waterdeep. Machafuko yalipokwisha, Ao aliwarudisha waliobaki kwa sharti jipya. Tangu siku hiyo nguvu ya mungu ingepimwa kwa idadi ya wanaomwabudu na kwa uzito wa ibada yao. Mungu asiye na waumini angefifia, kisha angekwisha.

Lengo la sharti hilo lilikuwa kuwafundisha miungu kuwajali watu. Tuangalie linavyofanya kazi. Koroboi haiwaki kwa sababu ni ya bati nzuri. Huwaka kwa sababu kuna mafuta ndani, na mafuta lazima mtu ayatie. Kwa mungu wa mashamba hilo si tatizo. Kila mkulima anayetazama wingu na kutamka jina la Chauntea ameongeza tone. Lakini nani atamtilia mafuta mungu wa mauaji? Watu wanaopenda mauaji ni wachache, na hao wachache huishia kunyongwa. Mungu wa giza basi ameumbwa na ukinzani ndani yake: milki yake inawachukiza watu walewale ambao bila wao hawezi kuwapo. Kila kitu ambacho vikundi vyake hufanya kinaweza kuelezwa kama juhudi ya kuuvuka ukinzani huo.

Njia ya kwanza ya kuuvuka ni hofu, na hapa Kiswahili kinatupa maneno mawili yanayofaa. Sadaka hutolewa kwa moyo wa kupenda, kwa kutaraji baraka. Kafara hutolewa ili kuzuia balaa. Baharia wa Faerûn hampendi Umberlee. Anajua kwamba ni mungu mwenye kisirani, mwenye pupa, asiye na ahadi. Bado, kabla ya safari, hutupa kito au sarafu majini. Watu hufanya vivyo hivyo kwa Talona, mwenye magonjwa, na kwa Auril, mwenye baridi inayoua. Kwa hesabu ya Ao, kafara ni ibada. Baharia anayetetemeka amelitaja jina, ameutoa mkono, na mungu amepata tone lake la mafuta. Kwa hiyo wengi wa wanaowalisha miungu wa giza si wafuasi wao hata kidogo. Ni watu wa kawaida wenye mashua, wenye watoto wagonjwa, wenye paa linalovuja wakati wa theluji. Jambo hili husahauliwa na wasimulizi wengi, ambao hudhani kila anayelitaja jina la Talona lazima awe na joho na kisu.

Kuna kitu kingine kinachowazuia watu kukaa kando na kutomwabudu yeyote. Myrkul, alipokuwa bwana wa wafu, alijenga Ukuta wa Wasioamini. Roho ya mtu aliyemkataa kila mungu huwekwa ndani ya ukuta huo kama jiwe la ujenzi, nayo huyeyuka humo polepole hadi isiwepo tena. Mchezo wa kompyuta Mask of the Betrayer, wa mwaka 2007, umejengwa juu ya uchungu wa jambo hilo. Mwenye kufikiri ataona faida iliyojificha: kila mtu wa Faerûn amelazimishwa kuchagua, na mahali ambapo kila mtu lazima achague, hata mungu mbaya huweza kujipatia wachache kwa kuahidi kwamba kwake angalau utapokelewa.

Hofu ina kasoro moja. Mafuta yake ni mepesi. Baharia akifika nchi kavu humsahau Umberlee, na sharti la Ao linapima uzito pamoja na idadi. Mungu anahitaji pia watu wachache wenye ibada nzito, wasiosahau. Hapo ndipo kinapozaliwa kile tutakachokiita kikundi cha ibada: watu waliojifunga kwa kiapo kwa mungu mmoja, wenye daraja kati yao, wenye matendo yanayorudiwa, na wanaoyafanya mapenzi ya mungu huyo kwa mikono yao wenyewe.

Usiri haumo katika fasili hiyo, na haukuachwa kwa bahati mbaya. Wafuasi wa Bhaal hujificha kwa sababu milki yao ni kosa la jinai katika kila mji. Wafuasi wa Bane hawakuwa na haja hiyo. Katika mji wa Zhentil Keep walikuwa ndio watawala, wenye mahekalu ya mawe, majeshi na kodi, na mtandao wao wa Zhentarim ulifanya biashara kwenye njia za misafara mchana kweupe. Ubabe ukishinda huitwa serikali. Mauaji hata yakishinda hubaki mauaji. Kikundi kikijificha au kikijitangaza, sababu iko katika milki ya mungu wake, na mchezaji makini anaweza kukisia mengi kuhusu adui yake kwa kuangalia jambo hilo pekee.

Sasa tunaweza kumrudia mtu mwenye kisu. Desturi ya zamani ya makuhani wa Bhaal iliwataka waue mtu mmoja kila baada ya siku kumi, yaani kila juma la Faerûn, katika kiza cha usiku wa manane. Iliwataka pia, ikiwezekana, kwamba anayekufa ajue ni nani anayemuua na ni kwa jina la nani. Mwuaji wa kawaida angeona huo ni upumbavu, kwa maana anayetaka kuua kwa usalama hukaa kimya. Lakini kwa kanuni tuliyo nayo desturi hiyo ina mantiki kamili. Bhaal akiua mwenyewe, amepata maiti. Mtu akiua kwa jina la Bhaal, Bhaal amepata maiti, amepata ibada ya aliyeua, na amepata hofu ya aliyeuawa aliyesikia jina lile katika pumzi yake ya mwisho. Kisu chenyewe ndicho sala. Mungu hakumpa mtu kazi kwa kuwa yeye hawezi kuifanya, bali kwa kuwa kazi ikifanywa na mungu haina lishe.

Hilo linajibu swali tuliloanza nalo, ila linafungua jingine lililo gumu zaidi. Tumeona kwa nini mungu anamtaka mtu. Je, mtu anamtakia nini mungu wa namna hiyo? Vikundi vingi vya ibada katika michezo hushindwa hapa. Watu wake wanapenda uovu kwa sababu ni waovu, na ni waovu kwa sababu wanaupenda, na mchezaji huwafyeka kama nyasi bila kujifunza lolote kuhusu binadamu. Mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3, uliotolewa na studio ya Larian mwaka 2023, umelishughulikia swali hili kwa bidii kuliko mingi iliyoutangulia, na unastahili kutazamwa taratibu.

Tumchukue Ketheric Thorm. Alikuwa bwana wa minara ya Moonrise, mfuasi wa Selûne, mungu wa mwezi na mwanga wake mpole. Mkewe alikufa. Kisha binti yake, Isobel, akafa. Selûne hakumrudishia hata mmoja. Ketheric akamwacha, akaenda kwa Shar, adui wa Selûne, ambaye milki yake ni giza, hasara na usahaulifu. Kwa maneno mengine alikwenda kwa mungu ambaye angalau angekiri kwamba hasara ipo. Huko akawa jemadari, akamwaga damu nyingi, akashindwa na kuzikwa. Kisha Myrkul, aliyekuwa amerudi baada ya kifo chake, akamwinua kaburini na kumpa kile ambacho hakuna mwingine aliyempa: Isobel akaamka. Tangu hapo Ketheric ni Mteule wa Myrkul, yaani mtu ambaye mungu amemtia sehemu ya nguvu zake. Hakuna hatua hata moja katika safari hiyo ambapo alisema, sasa nataka kuwa mwovu. Kila hatua ilikuwa ya baba anayemtafuta mtoto. Na Isobel, alipotambua alikuwa ameamshwa na nani na kwa bei gani, alimkimbia babaye na kwenda kuwakinga kwa mwanga wa Selûne watu walewale ambao baba huyo alikuwa akiwawinda.

Shar mwenyewe anahitaji aya zake. Ndani ya mji wa Baldur's Gate, kwa mujibu wa mchezo huo, ipo Nyumba ya Majonzi. Mtu mwenye msiba anaweza kuingia, akapokewa kwa sauti ya upole, akaombwa aeleze kinachomuuma. Nyuma ya vyumba hivyo kuna hekalu la Shar. Dawa yake ni kusahau. Wafuasi wake huondolewa kumbukumbu, kidogo kidogo, na kila kinachoondolewa huitwa zawadi. Msomaji anayejua matanga, ambapo watu hukaa na mfiwa ili jina la marehemu litajwe na uzito wake ugawanywe, ataelewa haraka ubaya wa nyumba hiyo: hapa uzito haugawanywi, anachukuliwa marehemu mwenyewe. Kwa kanuni ya milki, Shar hawezi kumponya mtu. Mungu wa hasara hunenepa kwa hasara. Akimwondolea mtu uchungu kwa kumwondolea aliyempenda, ameongeza hasara ya pili juu ya ya kwanza, na mtu hana hata kumbukumbu ya kumwezesha kulalamika.

Mhusika aitwaye Shadowheart ndiye anayetufikishia jambo hilo. Ni kuhani wa Shar, mwenye imani, mwenye kiburi kidogo, na sehemu kubwa ya maisha yake imefutwa akilini kwa ridhaa yake, au ndivyo alivyoambiwa. Mkononi ana kidonda kinachomchoma bila kutabirika. Mchezaji akimsikiliza kwa subira, ukweli hufunuka: alitekwa angali mtoto kutoka kwa wazazi waliomwabudu Selûne, na wazazi hao wako hai, wafungwa katika Nyumba ya Majonzi ileile ambako yeye alilelewa. Kikundi hakikumkuta na msiba. Kilimtengenezea msiba, kisha kikamuuzia dawa yake. Katika maandishi yote ya ulimwengu huu sidhani kuna maelezo ya wazi zaidi ya namna kikundi cha giza kinavyofanya kazi, na inafaa kusema kwamba mwandishi anaweza kuyasimulia haya kwa sababu tu alimpa kuhani wa giza jina, utoto na kidonda.

Milango ambayo Wateule wengine wawili waliingilia haihitaji muda mrefu. Enver Gortash, wa Bane, aliuzwa na wazazi wake akiwa mtoto, akakua akijua kwamba duniani kuna wanaonunua na wanaonunuliwa. Anautwaa mji kwa kuwapa raia walinzi wa chuma dhidi ya jeshi linalokuja, ilhali yeye mwenyewe ni mmoja wa wanaoliongoza jeshi hilo. Orin, wa Bhaal, hakuingia kwa mlango wowote, kwani alizaliwa ndani. Ni mjukuu wa Sarevok, na mama yake mzazi alijaribu kumtoa kafara.

Sarevok ni jina la zamani zaidi, na kupitia kwake tunaweza kuiangalia kazi ya vikundi hivi kwa upande wa mtunzi wa mchezo. Mhusika wa Dungeons & Dragons huanza dhaifu. Mchawi wa daraja la kwanza anaweza kuangushwa na mapigo mawili ya rungu. Kati yake na mungu hakuna vita. Kuna umbali tu. Kikundi cha ibada huugeuza umbali huo kuwa ngazi. Mwanga wa kwanza wa mbinu hii unaonekana vizuri katika hadithi ya H. P. Lovecraft, "The Call of Cthulhu", iliyochapishwa mwaka 1928, ambamo jinamizi kubwa halionekani mpaka karibu na mwisho. Msomaji hufikia kwake kupitia karatasi za marehemu, sanamu ndogo na taarifa ya polisi kuhusu ibada kwenye vinamasi vya Louisiana. Mwaka 1981 Sandy Petersen aliifanya njia hiyo kuwa mchezo wa mezani.

Katika mchezo wa kwanza wa Baldur's Gate, wa mwaka 1998, ngazi huanzia chini kabisa, kwenye chuma. Panga zinavunjika mikononi. Madini ya eneo zima yameoza. Mchezaji anakwenda kwenye mgodi wa Nashkel, anakuta viumbe wadogo wakiyamwagia mawe dawa ya kuharibu, na juu yao kuhani wa Cyric (yule aliyemchoma Bhaal, sasa naye mungu) mwenye barua sandukuni. Barua inataja jina. Jina linaongoza kwenye kambi ya majambazi, kambi kwenye mgodi mwingine, mgodi kwenye kampuni ya wafanyabiashara mjini, na ndani ya kampuni yumo Sarevok. Yeye ni mmoja wa watoto ambao Bhaal, aliyeona kimbele kifo chake, aliwazaa na binadamu ili roho zao ziwe mbegu za kurudi kwake. Anataka vita kati ya Baldur's Gate na nchi ya Amn kwa imani kwamba damu nyingi kiasi hicho itamfanya mungu mahali pa baba yake. Upanga uliovunjika mkononi mwa mlinzi wa barabarani ulikuwa tangu mwanzo ncha ya mkono wa mungu aliyekufa. Mchezaji anayefika hapo amepanda hatua moja moja, kila moja ikiwa na mtu wa kuzungumza naye au kupigana naye.

Mkono una hatari yake kwa mwenye mkono. Katika Throne of Bhaal, mchezo wa mwaka 2001 unaoendeleza hadithi hiyo, watoto wa Bhaal wanauawa mmoja baada ya mwingine, na nguvu iliyomo ndani yao inakusanywa na kuhani wake mkuu, Amelissan, ili amrudishe bwana wake kama alivyopanga. Anaikusanya yote. Kisha anaamua kubaki nayo. Tukiirudia kanuni, hilo lilitarajiwa. Ikiwa mungu hana mikono ila ya wengine, basi kila anachokula hupitia mkononi mwa mwingine kwanza, na mungu aliyewafundisha watu wake kwamba usaliti na mauaji ni ibada hana hoja ya kumwambia anayemsaliti.

Bane, Bhaal na Myrkul walionekana kulijua hilo waliporudi katika hadithi ya mwaka 2023, na dawa waliyoitafuta ni ya kutisha. Wateule wao walibuni mungu ambaye hayupo, wakamwita Absolute. Waumini wake wakuu hawakuingia kwa msiba, wala kwa hofu, wala kwa tamaa. Walitiwa kiluwiluwi machoni, kinachoingia mpaka ubongoni, na sauti waliyoisikia kama sauti ya mungu ilitoka kwenye ubongo mmoja mkubwa uliofungwa kwa taji la kichawi. Kiluwiluwi hicho hatimaye humgeuza mtu kuwa kiumbe mwingine kabisa, mla bongo. Ukinzani wa mungu wa giza ulionekana umevukwa: hakuna tena haja ya kupendwa wala kuogopwa. Lakini udhibiti wa ubongo ule uligawanywa katika mawe matatu, jiwe moja kwa kila Mteule, na kila Mteule akaanza kupanga jinsi ya kuyapata ya wenzake. Walikuwa wamerudi kwenye kiti cha Jergal, wakishindana nani achague kwanza.

Jergal naye yumo. Mapema kabisa katika mchezo huo, ndani ya kaburi la kale karibu na pwani, mchezaji anaweza kufungua jeneza na kumkuta mzee mkavu asiye na haraka, anayekuja kuitwa Withers. Dalili nyingi zinaonyesha kuwa ndiye yule aliyeinuka akaacha kiti. Kabla ya salamu yoyote anamwuliza mchezaji uhai wa mtu mmoja una thamani gani. Mchezaji anaweza kujibu atakavyo. Mzee anasikiliza, anaridhika, kisha anahamia kwenye kambi ya mchezaji, na kila mwenzake wa safari anapouawa yeye huwa tayari kumrudisha, kwa malipo madogo ya sarafu.